Karakana ya mawe ya msingi, Kinondoni: herufi safi, skrubu mbovu

Bamba ni graniti nyeusi, sentimita 60 kwa 40. Herufi zimezama milimita 3, kingo hazijameguka, na rangi ya dhahabu imekaa ndani ya mfereji. Marumaru yao ya bei poa msiiweke nje: ni chokaa, mvua huila polepole. Skrubu ndizo zinazoharibu kazi. Ni za chuma, na kwa upepo wa chumvi wa Dar zitachuruzisha kutu juu ya maandishi. Dai za stenlesi.

Kuhusu maneno, wanakubali chochote, hata majina tisa ya wageni rasmi. Machache yanatosha: Argishti, mfalme wa dola ya kale ya Urartu, mwaka 782 KK alichonga kwenye basalti, jiwe la volkano, jina lake, la baba yake Menua na la ngome yake, Erebuni. Hadi leo maandishi hayo yanasomeka, mjini Yerevan, Armenia.