Sushi ya kaunta Tsukiji: kati ya vipande kumi, vinne tu ndivyo vibichi

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo niko Tsukiji, Tokyo. Mnada mkubwa wa samaki ulihama hapa Oktoba 2018 ukaenda Toyosu, lakini vichochoro vya soko la nje vimebaki, na humo ndimo nilimokula mchana huu. Ni kiduka cha viti vinane, pazia fupi mlangoni. Foleni nimepanga dakika arobaini. Ndani ni pafinyu mno, begi nimelipakata.

Sasa, lile mnaloniuliza kila siku: "Unawezaje kula samaki mbichi?" Jamani, tuhesabu pamoja. Nimeletewa vipande kumi vya sushi, yaani vitonge vya wali vyenye kitoweo juu yake. Vibichi ni vinne: jodari wawili, ngisi, na uni, ile nyama ya rangi ya machungwa inayotoka ndani ya yule mdudu wa miiba anayetuchoma miguu pwani. Kamba kachemshwa, pweza kachemshwa, mkunga katokoswa, yai limekaangwa. Waliobaki wawili wametiwa chumvi na siki. Sushi hii ilikulia Edo, ndiyo Tokyo ya zamani, majokofu hayajakuwapo, kwa hiyo samaki ilibidi atengenezwe asiharibike.

Na hapo ndipo penye ufundi. Kuna kisamaki kinaitwa kohada, ngozi ya fedha yenye vidoadoa. Hutiwa chumvi, huoshwa, kisha hulazwa kwenye siki, na muda hutegemea ukubwa wake na mafuta yake siku hiyo. Mpishi akizidisha kidogo, samaki anakauka. Huyu wa leo, chumvi imetangulia, siki ikafuata, halafu mafuta yakaja polepole na kukaa mdomoni. Nimeomba cha pili. Na wali wake! Una uvuguvugu, punje zimeshikana mkononi lakini ulimini zinaachana zenyewe.

Pweza ni laini, mzuri, ila mimi nawaambia kweli: wa Forodhani, wa makaa na pilipili, bado namtaka zaidi.

Kula kwa mkono kunaruhusiwa. Chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, si wali, utamomonyoka. Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, imeshawekwa ndani. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kabla ya kipande kingine. Na nyinyi wapenzi wa udi na manukato, siku hiyo msijifukize: harufu kali inaharibu chakula cha jirani. Ndugu zangu Waislamu, mkunga hupikwa kwa sake na mirin, ambavyo ni vileo, na hata yai huweza kutiwa. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Nimelipa yeni 3,800 na supu ya kombe juu yake. Taslimu tu, na bakshishi hawapokei. Maduka mengi hapa hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano, basi angalieni siku kabla ya kupanda treni.