MR2 kuvishwa bodi ya F355 hapa Mombasa, uzoefu wangu

Nimeulizwa sana kuhusu hii gari, kwenye foleni pale Makupa, petroli stesheni, hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa, kwa hivo naandika yote hapa anayetaka asome. Gari yenyewe ni Toyota MR2, ile SW20 (ndio namba ya toleo la pili), na juu yake imevishwa bodi ya faiba yenye umbo la Ferrari F355. Paneli zilikuja na meli kutoka Uingereza, kazi yote imefanyiwa hapahapa, yadi moja ya Shimanzi, na nshaiendesha masika na kaskazi kwa hivo naongea kitu nakijua. Neno langu kubwa ni hili: uzuri wa kazi hii wote uko mikononi mwa fundi wa faiba, na mafundi wa faiba wazuri kabisa hapa pwani ni wale wanaotengeneza boti. Fundi wa panel, yule wa kunyoosha bodi za chuma, ana sehemu yake na anaiweza, lakini usimwachie hii peke yake.

Kwanza kwa nini MR2. F355 ilitengenezwa kuanzia 1994 mpaka 1999, V8 ya lita 3.5 imekaa nyuma ya viti, kila silinda valvu 5, ndio hiyo 5 ya mwisho kwenye jina. MR2 nayo ni viti viwili, injini iko mgongoni mwako, na taa za mbele ni za kuinuka na kulala kama za F355, yaani mota za taa za Toyota zinatumika vilevile. Alafu vipimo. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma MR2 ina milimita 2400 na F355 ina 2450, tofauti sentimita 5 tu, na hiyo inafichika kwenye matao ya magurudumu bila kukata gari. Anayetaka umbo la Ferrari nyengine, 360 Modena ama F430, ajue zile ni 2600, hapo gari lazima ikatwe irefushwe sentimita 20, na welda akipotea kidogo tu kwenye kipimo gari itakwenda upande kama kaa maisha yake yote. Mie hilo sikulitaka kabisa. Upana ndio wenye kazi, manake MR2 ni kama 1700 na F355 ni 1900, kila ubavu unatoka nje sentimita 10 na magurudumu lazima yaufuate huko.

Watu wanasema "unatoa bodi unaweka nyengine juu ya chesi" na nataka hili lieleweke vizuri kwa sababu ni la usalama. MR2 haina chesi ya kutenganisha na bodi. Volkswagen Beetle ya zamani ndio ilikua hivo, unafungua bolti, bodi inanyanyuliwa, inabaki sakafu na injini na magurudumu, na ndio maana ilipendwa sana na watu wa kujiundia magari. Pontiac Fiero ya Marekani, 1984 mpaka 1988, nayo ilikua na kiunzi cha chuma na paneli za plastiki zimefungwa juu yake, ukizivua gari bado inatembea. MR2 si hivo, bodi yake ndio chesi yenyewe, paa na nguzo na sakafu na vizingiti vya milango vyote vimeshikana na vyote vinabeba. Kwa hivo kinachotolewa ni ngozi tu: bampa, fenda za mbele, boneti, ngozi ya nje ya milango, na mbavu za nyuma zinapunguzwa kiasi. Paa, nguzo na windskrini zinabaki za Toyota. Lile bomba la chuma ndani ya mlango la kukukinga ukigongwa ubavuni linabaki, na fundi akikwambia litoke ili paneli ikae vizuri mwambie hapana. Kuna gari nshaiona hapa mjini nguzo zake zimekatwa ili paa lishuke, kwa sababu kimo cha F355 ni 1170 na MR2 ni 1240, basi ile gari ikipanda tuta mlango unajifungua wenyewe. Sentimita 7 za kimo haziwezi kunifanya nicheze na roho yangu na ya atakayekaa kando yangu.

Seti ya paneli yenyewe, jina la kampuni silitaji. Umbo ni zuri, ule mstari wa ubavuni unaoingia kwenye tundu la hewa uko sawasawa, na kipande cha nyuma kina nafasi za taa nne za duara kama inavotakikana. Lakini unene haukua sawa, pahali pengine mati (ule mkeka wa nyuzi za faiba) imelazwa vizuri pengine unaweza kuona mwanga upande wa pili, na fenda ya kushoto na ya kulia hazikulingana. Hazikuja na matundu wala maelezo. Nasikia ni kawaida kwa hizi seti, hata hivo kwa pesa ile nilitarajia zaidi, na juu yake kuna usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16, na zile ada za kuingiza mizigo, IDF na RDL, ukijumlisha yote faiba inakua si kitu cha rahisi tena. Kwa paneli pekee natoa nyota tatu kwa tano.

Sasa nije kwa mzee wa faiba, hapa ndipo nataka mtu asome polepole. Huyu mzee maisha yake yote ni boti, zile za uvuvi na za kupeleka wageni kwenye matumbawe, na siku ya kwanza hakuangalia umbo wala hakusema inafanana na Ferrari. Alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga paneli moja moja, polepole, kila sehemu, ikilia kavu anaendelea, ikilia butu anaweka alama ya chaki. Akanambia "mwanangu hapa ndani pana hewa, jua likipiga patafura." Zile alama zote alizikwangua mpaka kwenye mati nzuri akalaza upya kutoka ndani, na kule kwembamba akaongeza tabaka. Fundi wa panel angefanya nini pale? Angepaka pati juu akapiga msasa, ikang'aa, na baada ya miezi michache ingepasuka.

Kitu cha pili ni hali ya hewa. Rezini ya polista, ule utomvu unaoloweshwa kwenye mati, inashikishwa na hadina (dawa ya kuigandisha) kidogo sana, asilimia 1 mpaka 2 hivi, na joto likizidi inashika haraka kabla hujamaliza kutoa mapovu kwa rola. Mzee alikua anaanza kazi alfajiri baada ya swala, saa nne asubuhi rezini anafunika, mchana ni kazi ya msasa na kupima. Na hakukubali kulaza faiba wakati wa mvua, unyevu ukiingia kwenye mati kazi imeharibika. Mie nilikua nataka gari haraka kama mtu yeyote lakini nilikaa nikasubiri kaskazi ikatulia. Ukiona fundi anamimina hadina kwa kukisia saa saba mchana kwenye jua, chukua paneli zako uondoke.

Kushikisha faiba kwenye chuma ndio pahali pa tatu, na hapa mzee na welda walibishana mpaka nikafurahi, manake wote wawili walikua wanaijali kazi. Welda alitaka bolti kila mahali. Mzee akasema faiba na chuma havitanuki sawa kwenye joto, faiba inatanuka zaidi, ukiifunga kwa bolti pande zote itatafuta pa kutokea, itapasuka kwenye matundu. Wakakubaliana hivi: vishikizo vya chuma vinachomelewa kwenye gari, bolti za stenlesi sehemu chache za kubeba, na kwengine kote gundi ya poliyurethani, ile ileile ya kubandikia windskrini, ambayo inabaki na mnyumbuko kama mpira. Mpaka leo sijaona ufa hata mmoja kwenye maungio. Na kabla paneli yoyote haijafunika chuma, kila palipokatwa na kuchomelewa palipigwa praima ya epoksi tabaka mbili, kwa sababu hewa ya bahari hapa inakula chuma na ukishafunika hutapaona tena.

Jambo moja dogo ambalo mafundi wa umeme wengi hawalifikirii: faiba haipitishi umeme. Taa ya Toyota inapata athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwenye bodi ya chuma, ukiihamishia kwenye faiba haina athi, itawaka hafifu ama haiwaki kabisa. Kila taa ilivutiwa waya wake wa athi mpaka kwenye chuma. Mzee alilisema yeye hata kabla ya fundi wa umeme kufika, kwenye boti ndio hivohivo.

Rangi, mie nilitaka nyeusi. Mzee na fundi wa rangi wote walisema hapana kwa jua hili, nyeusi inachemka mpaka rezini ya kawaida inaanza kulegea na alama za mati zinatokeza juu ya rangi. Nikachukua manjano, na F355 za kweli za manjano ziko nyingi tu, mashaallah imetoka vizuri kuliko nilivokua nawaza. Kabla ya rangi paneli zilikaa zimefungwa kwenye gari wiki kadhaa nje kwenye jua zimalize kukauka na kunywea, alafu ndio zikapigwa ubao mrefu wa msasa, praima, rangi, klia. Hiyo subira ndio imefanya ukiangalia ubavu kwa pembeni mstari unakwenda moja kwa moja bila mawimbi.

Joto la injini ni kitu cha kuangalia sana. Radieta ya MR2 iko mbele na injini nyuma, maji yanapita kwenye mabomba marefu chini ya gari, na hewa ikibaki humo ndani gari inachemka, kwa hivo ukimwaga maji lazima hewa itolewe kwenye vile vitundu vyake vyote. Bodi mpya imebadilisha njia ya upepo, bampa ya mbele ilibidi iongezwe mfereji wa kuelekeza hewa kwenye radieta, na matundu ya mbavuni yakaunganishwa kweli na chumba cha injini, yasikae ya pambo. Sasa hata foleni ya Kibarani saa nane mchana sindano haisogei.

Barabarani ni hivi. Injini yangu ni 3S-GE isiyo na tabo, na F355 ya kweli ina nguvu kama farasi 380, hii haifiki nusu. Mlio ni wa Toyota. Anayenunua umbo akitaraji ile nguvu hatapata, mie nilinunua umbo na nimelipata, na uzuri wa 3S ni kwamba fundi yeyote Mombasa anaijua hiyo familia kwa sababu ya RAV4 na Ipsum na Noah. Spesa za magurudumu, vile vipande vya kuyasogeza nje, zimenisumbua, upande wa nyuma beringi zilianza kulia mapema, sasa nimetoa spesa nimeweka rimu zenye kina kinachofaa na kelele imekwisha. Bampa ya mbele iko chini. Feri ya Likoni maji yakiwa yametoka ile njia ya kupandia inakua mteremko mkali na pua inagusa, kwa hivo nikienda kusini napita Dongo Kundu, ni mbali lakini bampa inabaki salama. Matuta napanda kwa pembe.

Karatasi zisikutishe ila usizirukie. Namba ya chesi haijaguswa na gari kwenye logbuku ni Toyota, itabaki Toyota. Rangi ilibadilishwa rasmi NTSA, mamlaka ya usafiri, gari ikapelekwa inspekshen. Bima kubwa walitaka ithaminiwe kwanza na wakasita, nikawaonyesha picha za kila hatua, chuma, vishikizo, praima, ndio wakaelewa. Piga picha kila siku ya kazi. Nembo ya farasi sikuiweka na sitaiweka, Brazil mwezi wa 7 mwaka 2019 polisi walifunga karakana pale Itajaí iliyokua inaunda Ferrari na Lamborghini za bandia, na mie sitaki mtu aniulize siku moja kama hii ni Ferrari nianze kutafuta maneno. Namwambia ni MR2, na nafungua boneti ya nyuma aone.

Pesa: kazi ya mafundi na rangi pamoja imepita bei niliyonunulia gari yenyewe, paneli kando. Kwa mafundi wangu natoa nyota tano bila kufikiria na ningewapa tena kesho.

Kama unaanza, kumbuka MR2 hizi ni za zamani na kwa sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8 huwezi kuagiza nyengine kutoka Japani, unapata zile zilizoko nchini tu na nyingi zimekaa pwani. Usilipe kabla welda hajaingia chini na bisibisi kugonga vizingiti, matao ya nyuma, na pale saspenshen inaposhikia. Mie nilikwenda naye kuangalia kila gari, na ile ya Kisauni iliyokua inang'aa kupita zote aliitoboa kizingiti kwa mkono mmoja, akasimama akajipangusa, tukaondoka.