TAHADHARI: Kisanduku cha "kusafisha umeme" wa redio kinachouzwa Kariakoo ni wizi mtupu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu, ila bora niaibike mimi kuliko na mwingine aliwe. Laki moja na themanini yangu imekwenda mchana kweupe, kwa muuza vifaa vya muziki Kariakoo. Jina la duka siliweki hapa kwa kuwa suala liko polisi na RB, namba ya taarifa yangu pale kituoni, ninayo.

Redio yangu ya nyumbani ilikuwa inavuma kwenye spika, ule mvumo niliokuwa nawalilia humu. Ndio ulionipeleka.

Kijana alinipokea vizuri, "karibu dada yangu, kaa." Nikamweleza: nikiwasha tu, spika zinavuma hata sauti ikiwa chini kabisa. Hakunishawishi ninunue amplifaya mpya, na hapo ndipo aliponipata. Mwizi gani anakataa kukuuzia kitu cha bei kubwa? Akasema, "Amplifaya yako nzima, dada, umeme ndio mchafu." Akachomeka redio ya dukani kwenye ekstensheni, spika zikaanza kukwaruza zzzzz. Akaniambia nisogeze sikio, nikasogeza. Akachomoa, akaweka kisanduku cheusi katikati, taa ya bluu ikawaka, akawasha tena. Kimya! Akakiondoa, zzzzz. Akakirudisha, kimya. Sasa wewe ungesemaje? Nimesikia kwa masikio yangu. Kisanduku chenyewe kizito, kimeandikwa 13A, 230V, 50Hz, maandishi yamenyooka. Na mteja mmoja mama mtu mzima akadakia kwamba cha kwake kina mwaka wa pili. Leo naapa yule alikuwa mwenzao.

Kilichonirudia baadaye ni msaidizi aliyekuwa kainama chini ya kaunta muda wote. Fundi wangu kanieleza: kelele ile ni ya kupika. Unachomeka chaja mbovu au dima ya taa, ile swichi ya kupunguza mwanga, kwenye ekstensheni ileile, inamwaga kelele kwenye nyaya, halafu mtu anaizima chinichini wakati kisanduku kinawekwa.

Nyumbani mvumo ulikuwa uleule, haukupungua hata chembe. Kupiga simu, nimezuiwa. Kurudi dukani, nakuta sura nyingine kabisa, eti "huyo hatumjui mama, na risiti hii siyo yetu."

Mzee fundi akakifungua mbele yangu. Skrubu zimefichwa chini ya miguu ya raba. Ndani: bonge la saruji lililogandishwa kwa gundi, ndio uzito wenyewe. Taa ya bluu na rizista yake. Nyaya mbili nyembamba, zile za chaja ya simu, zimetoka kwenye plagi moja kwa moja hadi kwenye soketi. Basi! Koili hakuna, kapasita hakuna. Mguu wa ethi, yaani waya wa usalama wa kwenda ardhini, haujaunganishwa na kitu chochote. Na ndani ya plagi, mahali pa fyuzi, wameweka kipande cha waya. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hiki kingewachoma mmelala." Nina watoto ndani ya nyumba ile!

Chujio la kweli la kusafisha umeme, anasema fundi, lina koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye pete moja ya feraiti (kama sumaku nyeusi), kapasita kati ya laini na nyutro, na nyingine ndogo kwenda ethi. Tena kazi yake ni kelele kali za chaja, taa na swichi za friji. Mvumo mzito wa hezi 50 au 100 huo halikuondolei, kwa sababu hutoka kwingine: waya wa king'amuzi na dishi unaozungushia ethi njia ya pili, au kapasita kubwa ndani ya amplifaya, zile za kulainisha umeme baada ya dayodi, zimezeeka. Zangu mbili, mikrofaradi 10,000 kila moja, zilikuwa zimevimba vichwa. Amezibadilisha, redio imetulia tuli. Malipo yake hayafiki hata robo ya nilichoibiwa.

Dalili mnaniuliza? Muuzaji hakubali ulete redio yako ijaribiwe pale. Risiti ya kuandika kwa mkono, siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Uzito usioeleweka. Mengine sikumbuki, hasira imenijaa. Watu hawa wakamatwe, duka lifungwe, mali itaifishwe, na yule wa chini ya kaunta asiachwe. TBS, shirika la viwango, wapite pale hata kesho. Anayeweka waya mahali pa fyuzi asishtakiwe kwa utapeli peke yake, huyo anahatarisha roho za watu na ashtakiwe hivyo.

Kama unacho kisanduku cheusi cha taa ya bluu chenye soketi mbili, kichomoe sasa hivi, usingoje asubuhi. Usikitupe, ni ushahidi. Nitafute inbox ukiwa na risiti yako twende kituoni pamoja, maana askari kaniambia malalamiko yakiwa mengi kesi inakuwa na nguvu.