Chati ya mpangilio wa elektroni niliyoinunua Ngamiani

Nilinunua chati hii ya ukutani kwa shilingi 12,000 katika duka moja la vifaa vya shule huko Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya vijana wa kidato cha pili na cha tano ninaowafundisha kemia nyumbani jioni. Karatasi yake ni nzito na imepakwa plastiki, hivyo unyevu wa pwani haujaikunja.

Elementi 18 za kwanza zimechorwa vizuri mno. Mchoro ninaoupenda zaidi ni ule wa sodiamu, 2:8:1 (yaani elektroni 2 katika ganda la kwanza kuizunguka kiini, 8 la pili na 1 la nje), ikimpa klorini, 2:8:7, elektroni yake moja ya nje. Watoto wanaopita kila siku kando ya mashamba ya chumvi waliuelewa papo hapo.

Tatizo linaanzia kwenye potasiamu. Pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba ganda la tatu hubeba elektroni 18, kisha potasiamu inaonyeshwa 2:8:8:1 bila neno la maelezo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini elektroni ya 19 imekwenda ganda la nne ilhali la tatu bado lina nafasi kumi, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ganda la tatu lina ngazi ndogo tatu: 3s yenye nafasi 2, 3p yenye 6 na 3d yenye 10. Katika potasiamu na kalsiamu, ngazi ya 4s, iliyo ya kwanza katika ganda la nne, ina nishati ndogo kuliko 3d, na kwa kuwa elektroni hukaa kwanza penye nishati ndogo, 4s hutangulia kujaa. 3d huanza kupokea kwenye skandiamu, 2:8:9:2, hadi zinki inapofikia 2:8:18:2. Maelezo hayo yangeenea kabisa, maana robo nzima ya chini imejazwa picha za chupa za maabara.

Kubwa zaidi, kromiamu imeandikwa 2:8:12:2 na shaba 2:8:17:2, wakati mpangilio sahihi, unaokiuka mtiririko huo, ni 2:8:13:1 na 2:8:18:1. Mwanafunzi wa kidato cha tano akiyakariri hayo atapoteza alama bila kosa lake. Nimesahihisha kwa kalamu ya wino mzito, na muuzaji amenisikiliza kwa adabu, ingawa zilizobaki dukani ni zile zile.

Kwa kidato cha pili, ambao huishia elementi ya 20, ningeinunua tena. Wa kidato cha tano wakague kwanza namba 24 na 29, yaani kromiamu na shaba, kabla ya kutoa fedha.