Gundi ipi ununue kwa kiungo cha mbao kilichoachia?

Kabla hujaenda hadiwea, chungulia ndani ya kiungo chenyewe. Gundi ya zamani iliyobaki mle ndiyo itakayoamua ununue ipi, wala si bei. Dondoshea maji ya moto, ungoje dakika chache. Ikigeuka nyeupe na kulainika, ni gundi nyeupe ya seremala (PVA). Ikinata na kuteleza vidoleni, ni gundi ya ngozi (iliyotengenezwa kwa kuchemsha ngozi za wanyama), ya samani za kale. Isipobadilika, yaelekea ni epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa) au poliurethani (gundi inayotoa povu ikiganda).

1. Epoksi ya kuganda polepole
Kwa ukarabati hii ndiyo ya kwanza. Huvumilia mabaki machache ya gundi nyingine, mradi uyakwaruze kwa msasa namba 80, na hujaza mwanya pale ulimi ulipolegea tunduni. Mirija miwili ya Araldite, chapa mojawapo ya epoksi, huchanganywa kwa kiasi sawa. Joto la Mombasa huiharakisha, basi changanya kidogo kidogo na uitandaze kwenye kibao. Ikirundikana kikombeni hupata moto na kuganda upesi. Paka pande zote mbili, kisha ubane kwa wastani tu. Wengi hukaza klempu (kibanio cha skrubu) mpaka gundi yote inatoka, kiungo kinabaki kikavu. Msaji una mafuta: ufute kwa asetoni kwanza. Ile ya dakika 5 iache dukani, unyevu huishinda.

2. PVA ya daraja la D3
D3 ni daraja linalovumilia unyevu wa muda mfupi. Ni nafuu na inatosha kabisa kwa kiti cha sebuleni, lakini haishiki juu ya PVA iliyokauka, kwa kuwa vinyweleo vya mbao vimeshazibwa. Lainisha ya zamani kwa siki ya moto, ikwangue kwa patasi mpaka mbao tupu ionekane, uache ikauke siku nzima, na wakati wa masika siku mbili. Kiungo kiwe kinabana, maana mwanya haiuwezi. Hapa kaza barabara. Huna klempu? Zungusha mpira wa tyubu ya baiskeli. Iache ikiwa imebanwa saa moja, na asikalie mtu kabla ya saa 24. Benchi la ufukweni usiliwekee.

3. Poliurethani
Haiogopi maji, ila hutoa povu, na povu halina nguvu. Usidhani limejaza mwanya.

Gundi ya ngozi iko nje ya orodha: kiti cha kale chenye gundi hiyo kitilie hiyo hiyo, kwani mpya ikiwa moto huyeyusha ya zamani zikashikana. Unyevu wa pwani huidhoofisha, kwa hiyo kisikae barazani.

4. Supa gluu
Ya kushikiza kibanzi kilichobanduka. Kwenye mguu wa kiti hukatika kwa kishindo kimoja.

5. Gundi ya viatu
Usiinunue kwa kazi hii. Hubaki laini, kiungo kikajongea kila ukikalia, na gundi nyingine haitashika mpaka uitoe yote kwa thina.