Corolla ya mtumba kwenye theluji ya Winnipeg: uzoefu wangu wa misimu miwili

Niko nyumbani Malindi likizo, na tangu nimefika hakuna siku imepita bila mtu kuniuliza habari za gari. Kuna binamu zangu wawili na kijana mmoja wa jirani hapa Barani wanaenda kusoma Kanada mwezi wa nane, na swali lao ni moja, ati ninunue Subaru Forester ya mwaka gani. Hawaulizi kama ni Forester au gari nyingine, hiyo washaamua kitambo, manake hapa kwetu kijana akifikiria gari ya kupita popote anaona Subaru tu. Mimi nimeendesha Toyota Corolla ya 2012 misimu miwili ya baridi, niliinunua ikiwa na kilomita 148,000 kwa dola 7,900 za kule, na nataka niwaeleze yote nilivyoiona, uzuri wake na ubaya wake, kwa sababu pesa yenyewe imechangwa na ukoo mzima na ukikosea hakuna ya kununulia nyingine.

Kwanza gari nilihitaji kweli. Mabasi yapo, lakini mimi zamu yangu ya mazoezi ya kazi inaanza saa moja kasorobo asubuhi, na Januari Winnipeg jua halichomozi mpaka karibu saa mbili na nusu, sasa wewe simama kituoni gizani na baridi ya digrii 30 chini ya sifuri dakika ishirini unangoja basi, kope zinashikana. Kama nyumba yako iko karibu na chuo na huna zamu za alfajiri, msimu wa kwanza kaa bila gari, pesa yako iweke.

Aliyenichagulia gari ni ami yangu, na hajawahi kuiona theluji. Ana gereji hapa Malindi miaka zaidi ya ishirini, magari mengi anayotengeneza ni ya watu wanaokaa ufuoni upande wa Casuarina, ukimuuliza kazi yake kubwa ni nini atakwambia ni kuchomelea sakafu za magari zilizoliwa na upepo wa bahari. Mimi nilipompigia kumwambia nataka gari ya theluji akaniuliza, barabarani wanamwaga nini? Nikamwambia shikamoo kwanza ami, halafu nikamwambia wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, na baridi ikizidi sana, chini ya kama digrii kumi hasi, chumvi haifanyi kazi vizuri tena basi wanatia mchanga. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Chumvi ni chumvi, mwanangu, iwe ya bahari au ya gunia. Basi gari yako tutaichagua kwa chini."

Gari ya kwanza kwenda kuiona ilikuwa hiyohiyo Forester, ya 2010, dola 8,500, imeoshwa imepigwa polishi mpaka inang'aa. Kwangu ilikuwa saa tatu asubuhi na kwake saa kumi na moja jioni, yuko gerejini anakaribia kufunga, tukafungua video. Nikaanza kumwonyesha viti na redio, akanikatiza, toka huko, huko hakunihusu, lala chini. Nikatandika katoni nikalala kwenye ile lami baridi nikawasha tochi, akaniambia ingiza simu nyuma ya gurudumu la mbele, chukua bisibisi, gonga kwa mpini pale chini ya mlango nisikie. Nikagonga, ikalia nge. Rudi nyuma kidogo, gonga tena. Nge. Sogea mpaka karibu na gurudumu la nyuma, gonga. Pu. Kama kugonga boga. Akasema gonga tena hapohapo, nikagonga, na vipande vya kutu vikanidondokea kwenye mkono wa koti, vyembamba vyekundu kama maganda ya muhogo uliokaukia juani. "Hapo hapana chuma tena," akasema, "hapo pana rangi tu."

Hapo mwenye kuuza bado ananiambia gari ni fo-wili, magurudumu yote manne yanavuta, ati haihitaji hata tairi za theluji. Nikafungua boneti kama nilivyoambiwa, nikamulika pale kichwa cha injini kinapokutana na bloku, pande zote mbili kwa sababu injini ya Subaru imelala, na kulikuwa na unyevu wa oili umeshika vumbi. Wanaozijua Subaru hizi za injini ya 2.5 ya zamani wanajua habari ya gasketi ya kichwa kuvuja. Halafu hiyo ya 2010 inatumia mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaoendesha valvu za injini, na mkanda hubadilishwa kwenye kama kilomita 168,000, hii ina 190,000 na hakuna risiti yoyote ya kuonyesha ulibadilishwa. Na tairi zilikuwa za kampuni tatu tofauti, moja mpya, moja kipara kabisa, kitu ambacho kwa gari inayovuta kwa magurudumu yote ni kuiua gia boksi taratibu, manake tairi zinatakiwa ziwe sawasawa zote nne. Tukaiacha.

Corolla tuliipata wiki mbili baadaye kwa mzee mmoja mstaafu na mkewe, ilikuwa inalala ndani ya banda. Nikagonga chini mpaka mzee akaniuliza nafanya nini, nikamweleza, akaniletea mwenyewe taa kubwa. Ikalia nge kila mahali. Paipu za breki safi, kutu ya juujuu tu kwenye egzosti. Injini yake ya 1.8 ina cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hivyo hakuna deni hilo linakungoja. Ina mfumo wa kuzuia gari isizunguke ikiteleza, na hili lishikeni sana, Kanada sheria inalazimisha gari ndogo zote zilizotengenezwa kuanzia Septemba 2011 kuwa nao, basi ukinunua iliyotengenezwa baada ya hapo una uhakika upo, ukinunua ya kabla ya hapo lazima uulize. Namba ya chesisi nikaiangalia mtandaoni, nikakuta mfuko wa hewa wa abiria uko kwenye ule urejeshaji mkubwa wa Takata, kampuni iliyotengeneza mifuko yenye kasoro, na haujabadilishwa bado. Ukikuta hivyo usikimbie, wenye Toyota wanabadilisha bure, nilipeleka nikangoja nikaondoka nayo. Manitoba, mkoa wa Kanada ulio na Winnipeg, gari ya mtumba pia haisajiliwi bila cheti cha ukaguzi, na bima ya lazima ni ya serikali inaitwa Autopac, hizo hazina ujanja, unazifuata tu.

Sasa tairi. Hapa ndipo watu wanafanyia ubahili na ndipo mimi nawaomba sana msifanye. Nilinunua tairi nne za theluji, saizi 195/65R15, na rimu zake za chuma, dola 860, ziliniuma kuzitoa wallahi, kwa sababu gari ilikuja na tairi nzuri za misimu yote. Lakini tairi ya kawaida joto likishuka chini ya kama digrii 7 mpira wake unaanza kukakamaa, haushiki. Ya theluji mpira wake unabaki laini. Alama ya kutafuta ubavuni ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, ukiona M+S (yaani tope na theluji) peke yake hiyo haitoshi. Na zifungwe zote nne. Kuna watu wanafunga mbili tu mbele kwa sababu Corolla inavuta mbele, wakikata kona mkia wa gari unawapita.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba, nikaenda Jumapili asubuhi kwenye uwanja mkubwa wa kuegesha uliokuwa mtupu, peke yangu, nikajifunza pale saa nzima. Nilikanyaga breki kwa nguvu kusudi, pedeli ikaanza kunipiga mguuni ta-ta-ta-ta, nikashtuka nikaachia. Hiyo ndiyo ABS, breki za kuzuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, usiachie, endelea kukanyaga na geuza usukani unakotaka kwenda. Nilirudia mpaka mguu ukazoea. Aliyeendesha kwenye mchanga wa Mambrui ana mwanzo mzuri, manake tayari anajua kuondoka polepole na kutozungusha tairi mahali pamoja mpaka zijichimbie. Lakini kwenye mchanga ukiachia mafuta gari inasimama yenyewe, kwenye barafu inaendelea kwenda kana kwamba hukufanya kitu, kwa hivyo ile nafasi ya kumwachia wa mbele ongeza mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja ana gari ya fo-wili na tairi za misimu yote. Siku moja Januari tulifika taa nyekundu pamoja, yeye leni ya kushoto mimi ya kulia, mwendo mmoja, mimi nikasimama kwenye mstari na yeye nikamwona anapita mbele yangu taratibu, magurudumu yamejifunga hayazunguki, mpaka katikati ya njia panda. Alhamdulillah hakukuwa na gari inakuja. Alitoka mle amenyamaza na wiki ileile akaenda kununua tairi. Fo-wili inakusaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya tairi.

Ubaya wa Corolla upo na siufichi. Iko chini. Greda ikishapita kusafisha barabara inaacha tuta la theluji mbele ya gari zilizoegeshwa, na usiku likiganda linakuwa kama ukuta, Forester ingelipanda, mimi nilichimba kwa beleshi dakika arubaini na nikachelewa zamu, na hiyo ilitokea mara tatu msimu wa kwanza. Ukienda kukaa shamba au mji wa milima ambako barabara hazisafishwi haraka, hapo gari ya fo-wili ina maana kabisa na mimi mwenyewe ningeichukua, lakini basi tafuta Forester ya 2011 kuja mbele yenye injini ya cheni, uulize sana habari ya kula oili, na tairi za theluji bado ununue.

Hita yake pia inachelewa, robo saa nzima kwenye baridi kali ndio unahisi vidole. Na betri iliniangusha. Kwenye digrii 18 hasi betri inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na oili nayo imekuwa nzito, kwa hivyo injini inataka nguvu zaidi kutoka kwa betri yenye nguvu kidogo. Kule utaona waya wa plagi unaning'inia mbele ya gari, ni wa hita ya injini, usiku unauchomeka kwenye soketi pale pa kuegesha na asubuhi injini ina uvuguvugu. Usiku mmoja nilirudi nimechoka sikuuchomeka, asubuhi 33 hasi, nikazungusha ufunguo ikalia tik moja ikanyamaza. Nilinunua betri mpya siku hiyohiyo. Mwenye gari yenye umri anunue betri Oktoba, asingoje.

Jambo jingine ni maji. Sisi hapa Malindi redieta ikipungua tunatia maji ya mfereji na tunaendelea na safari. Kule usijaribu hata siku moja, maji yakiganda ndani ya injini yanapasua bloku. Ni kulanti, ile dawa ya redieta isiyoganda, nusu na maji safi nusu, hiyo inahimili mpaka kama digrii 37 hasi, na mkiwa na wasiwasi kuna kipimo cha bei rahisi cha kuipima. Maji ya kuoshea kioo vilevile. Gari yangu ilikuwa na ya kiangazi ndani na mimi sikujua, siku ya kwanza lori limenirushia tope la chumvi kioo kikawa cheupe chote, nikapiga waipa hakuna kitu kinatoka, yameganda kwenye paipu, nikafungua dirisha nikatoa kichwa nje mpaka nikapata pa kuegesha. Niliogopa sana siku ile.

Na kuna moja naliweka mwisho lakini ndilo la kuokoa roho. Ukikwama kwenye theluji na injini inanguruma upate joto, shuka kwanza uchimbe nyuma uhakikishe bomba la moshi haliko ndani ya theluji. Likizibwa ile hewa ya sumu inarudi ndani ya gari na haina harufu, mtu anasinzia haamki. Beleshi, blanketi, glavu za ziada na tangi lisishuke chini ya nusu, hivi vinakaa kwenye gari yangu kuanzia Oktoba.

Mpaka sasa imefika kilomita 171,000, nimebadilisha betri, breki za mbele, na oili kila wakati wake, basi. Msimu huu wa pili hakuna zamu niliyokosa kwa sababu ya gari. Jana jioni nilikuwa gerejini kwa ami, yuko chini ya Probox ya mtu anapuliza oili chafu kwenye mikunjo ya chesisi kuzuia kutu, akaniuliza na yako je umeipaka. Nikamwambia kule kuna mahali wanapuliza oili maalum chini kila mwaka, sijaipeleka bado. Akatoka chini ya gari akajifuta mikono akaniambia nikirudi Septemba nipeleke kabla theluji haijaanguka, halafu nimpigie nikiwa nimelala chini, agongewe tena asikie.