ThinkPad T480: mashine ya ofisi iliyotengenezwa ili ifunguliwe

Kazi yangu ni kutunza hesabu za watu. Mwisho wa mwezi nina wateja tisa mezani, kila mmoja na lahajedwali la mishahara, daftari la mauzo na taarifa za benki, na yote hayo yanataka kufunguliwa kwa pamoja. Mashine yangu ya zamani ilikuwa ikifika mteja wa nne inaanza kuhema. Nikaiacha, nikachukua ThinkPad T480, kompyuta ya mkononi ya Lenovo, iliyokwishatumika, nikaipanga upya kwa mikono yangu, na sasa ni zaidi ya mwaka naifanyia kazi kila siku. Naipenda, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, T480 ilitoka 2018. Sikutaka mpya kuliko hapo, na sababu ni moja: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo mafaili yaliyofunguliwa hukaa. T480 ina sloti mbili, zote unaweza kuzifikia. Iliyomfuata, T490, RAM yake moja imechomelewa kwenye bodi na sloti ni moja tu, tena ile betri ya kuchomoa nyuma imeondolewa. Kwa upande mwingine, T470 inafanana nayo mno kwa sura, lakini usidanganyike. Prosesa zake za i5, yaani chipu zinazofanya hesabu zote, zina viini viwili vya kufanyia kazi, wakati i5 ya kizazi cha 8 iliyomo kwenye T480 ina vinne. Isitoshe, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho cha 8, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu anayeshika mishahara ya watu wengine hawezi kukaa kwenye mfumo usiosasishwa.

Ile ya kwanza niliyonunua niliirudisha. Kwa nje ilikuwa safi, herufi za kibodi hazijafutika hata moja. Nikaiwasha huku nabonyeza F1 niingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayokuja kabla ya Windows, nikakuta imefungwa kwa neno la siri la msimamizi. Iliwahi kuwa mali ya kampuni, na walioitoa hawakulifuta. Windows ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, ndiyo maana muuzaji hakuona tatizo, au aliliona akanyamaza. Neno hilo halifutiki kwa kutoa ile betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi. Linakaa kwenye chipu yake, na tiba rasmi ni kubadilisha bodi nzima. Kwa hiyo kabla hujalipa, iwashe mbele ya muuzaji, bonyeza F1, jaribu kubadilisha mpangilio wowote. Ikikukatalia, aga uondoke.

Ya pili ilikuwa wazi, lakini aliyeiagiza tangu mwanzo alibana matumizi kila mahali: kipande kimoja cha RAM cha 8 GB, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya 256 GB, na kioo cha 1366 kwa 768.

Nilianza na RAM. Humo humo kwenye BIOS, upande wa umeme, kuna amri ya kuzima betri ya ndani. Usiiruke. Ukiichagua mashine inazimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa, na kuanzia hapo bodi haina umeme mpaka uchomeke chaja tena. Ndipo ukatoa betri ya nyuma, ukageuza mashine, ukalegeza skrubu. Na hapa ndipo nilipoona akili ya waliobuni: skrubu za kifuniko hazitoki. Zinalegea, zinabaki zimening'inia kwenye matundu yao, hakuna ya kudondoka chini ya meza. Mwongozo wa fundi nao Lenovo wanautoa bure, kurasa baada ya kurasa zenye michoro. Niliusoma wote kabla ya kushika bisibisi.

Kipande cha RAM kinaingia kwa mshazari, kama unavyoingiza barua kwenye bahasha iliyoinuliwa. Kisukume mpaka ile mistari ya dhahabu imezama karibu yote, halafu kikandamize chini. Vibano vya pembeni vitalia "ta" kwa pamoja. Kimoja kikilia peke yake, kitoe uanze upya. Niliweka viwili vya 16 GB, aina ya DDR4. Viwili nasema makusudi, maana kipande kimoja, hata kiwe kikubwa, prosesa inakisoma kwa njia moja tu. Viwili vinafungua njia mbili, na michoro ya skrini, ambayo hapa inakopa RAM hiyo hiyo, nayo inapata nafuu. Ukiwasha mara ya kwanza kioo kitabaki cheusi kwa muda. Mimi moyo ulinienda mbio. Mashine inajipima na kumbukumbu yake mpya, iache imalize.

SSD sina mengi. Niliweka ya 1 TB ya NVMe, aina ya kasi, na kwa T480 unahitaji pia kile kibebeo na waya wake mfupi, kwa sababu nafasi iliyopo ni ya diski ya inchi 2.5. Waya huo unapitisha njia mbili za data (PCIe) badala ya nne, kwa hiyo usilipie SSD ya kasi ya ajabu. Kasi ya ziada haitapita.

Kioo ndicho kilichobadilisha siku zangu. Kwenye kile cha zamani jedwali la miezi 12 lilikuwa linakatika Septemba, na safu ya jumla naifuata kwa kusogeza huku na huku, huku jina la mfanyakazi limeshapotea upande wa kushoto. Niliwahi kumwandikia mtu posho ya mwenzake kwa sababu hiyo. Nimeweka paneli ya 1920 kwa 1080 ya IPS, aina inayoonekana vizuri hata ukiiangalia kwa upande, na waya uliokuwepo ulikubali. Sasa jina, miezi yote na jumla vinakaa mbele yangu. Kama una fedha ya kitu kimoja tu na kazi yako ni namba, anza na kioo, hata kabla ya RAM.

Jambo moja lilinitoa jasho. Nilikuwa nimeshawasha BitLocker, kifunga-diski cha Windows, kisha nikasasisha BIOS bila kuisimamisha kwanza. Mashine ilipowaka ikaniomba ufunguo wa tarakimu 48. Nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi ndani ya kabati, nikaingiza tarakimu moja moja kwa kidole. Sasisha BIOS kwanza, ndipo ufunge diski. Na ufunguo usiuhifadhi ndani ya diski hiyo hiyo.

Kwa wahariri wa video siwapendekezei. Sehemu yake ya kuchora skrini, Intel UHD 620, itawachosha. Kwa mhasibu, karani, mwalimu, mwandishi, inatosha na kubaki.

Betri nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo ninazozionea fahari. Ziko mbili: ya ndani ya 24 Wh (Wh ni kipimo cha umeme inaoweza kubeba) na ya nyuma inayochomoka. Amri ya Windows ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri, ilinionyesha ya ndani imebaki na 13 Wh, nikaibadilisha. Ya nyuma nilichukua ile nene ya 72 Wh, ambayo inainua kibodi kidogo, na mikono yangu imeipenda hivyo. Nikiwa mezani nimeiwekea ikomee asilimia 80 ili isizeeke haraka, nikisafiri kwa mteja naijaza yote. Mashine inamaliza ya nyuma kwanza, kisha inahamia ya ndani yenyewe. Juzi nilikuwa kwa mteja, umeme hakuna, malipo ya wafanyakazi 31 yakiwa nusu. Nikasukuma vibano viwili, nikachomoa betri iliyoisha, nikapachika nyingine, na jedwali likabaki wazi kwenye mstari ule ule.